Shajara ya Seva ya Ramani, Sinza: Skrini Nyeusi Baada ya Kupandisha Toleo

Jumamosi, 8 Februari 2025

Seva yetu imekaa kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04 tangu tuijenge, na huduma ya kawaida ya toleo hilo inakoma Mei mwaka huu. Mei ni masika. Sitaki kuigusa seva wakati mvua inanyesha na wateja wanapiga simu kuulizia ramani za mitaro, kwa hiyo tumekubaliana kazi ifanyike wikiendi hii, watu wakiwa majumbani.

Nieleze tunavyofanya kazi, ili atakayesoma baadaye aelewe kwa nini nimehangaika. Tuko wachoraji ramani wanane. Baadhi yetu walianza kuchora nyumba na mifereji wakiwa wanafunzi, kwenye Ramani Huria, ile kazi iliyoanza mwaka 2015 ya kuingiza mitaa ya Dar kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, ili maeneo ya mafuriko yaonekane. Kompyuta zetu za mezani ni za mtumba, tumezinunua Kariakoo, na hakuna hata moja inayoweza kubeba QGIS, programu yetu ya kuchorea ramani, na picha za angani kwa pamoja. Kazi yote inafanyika ndani ya seva. Mtu anawasha mashine yake, anafungua programu ya RDP, ya kuonyesha skrini ya seva kwa mbali, anaandika jina na neno la siri, anakuta desktopu yake ya Xfce jinsi alivyoiacha jana. Anayempokea upande wa seva ni programu iitwayo xrdp, poti 3389. Mwenzetu mmoja anafanyia kazi kwao Mbagala, naye anapitia SSH, njia ya mtandao iliyosimbwa. Mlango huo ukigoma, ofisi nzima imesimama.

Saa mbili asubuhi nimenakili /home na /etc kwenye diski ya nje. Saa tatu nikaanza `do-release-upgrade`, amri ya kupandisha toleo. Inapanda ngazi moja moja: kutoka 20.04 lazima upite 22.04 kabla ya kufika 24.04. Kupakua peke yake kumekula muda hadi saa nane mchana.

Katikati ya usakinishaji imeniuliza mara kadhaa: faili hili la mipangilio mlilibadilisha wenyewe, uchukue letu jipya au ubaki na lenu? Kwa faili la /etc/xrdp/startwm.sh nimebonyeza Y, nichukue lao. Sikukumbuka tulibadilisha nini humo, na hatukuandika popote.

Saa kumi na moja jioni nimeizima na kuiwasha. Monita ya seva yenyewe imeleta ukurasa wa kuingia bila shida. Nimefunga ofisi.

Jumapili, 9 Februari

Nimejaribu kuingia kwa mbali kutoka kwenye mashine ya dirishani. Kisanduku cha xrdp kimekuja, nikaandika jina na neno la siri, kikafunguka kidirisha kidogo cha taarifa: kinaunganisha, umekubaliwa, kinaunganisha tena… halafu kimya. Baada ya muda kikasema kimeshindwa. Nimejaribu akaunti nne, zote hivyo hivyo.

Kilichonisaidia ni ule mstari wa "umekubaliwa". Maana yake neno la siri limepita, mtandao umepita, poti iko wazi. Kinachoshindwa ni hatua inayofuata, pale xrdp inapomwashia mtumiaji seva yake ya picha, Xorg. Nilishaanza kushika kebo na swichi, nikaziacha.

Nimepoteza saa nzima kwa ushauri unaozagaa kila mahali: ingia kwenye /etc/gdm3/custom.conf, zima Wayland (mfumo mwingine wa kuchora skrini, tofauti na Xorg), washa upya. Nimefanya, hakuna kilichobadilika. Nilipokaa chini na kufikiri nikaona kwa nini. Faili lile linaitawala GDM, yaani ukurasa wa kuingilia wa monita ya seva. Xrdp haipiti huko kabisa. Ina mhudumu wake, xrdp-sesman, anayewasha Xorg yake pembeni. Nimerudisha mpangilio kama ulivyokuwa.

Ndipo nikafungua logi kwa mpangilio. /var/log/xrdp.log haina jipya. /var/log/xrdp-sesman.log inasema Xorg iliwashwa kwenye skrini namba 10 ikafa. Logi ya Xorg hiyo haiko /var/log. Iko kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, imefichwa kwa nukta: `.xorgxrdp.10.log`. Mle ndani, karibu na mwisho, kuna mstari unaosema namba kuu ya ABI ya moduli, yaani toleo la namna inavyoungana na seva ya picha, ni 24, na seva hiyo inataka 25.

Nimeusoma mstari ule mara tatu. Ubuntu 20.04 ilikuja na Xorg 1.20, ambayo madereva yake ya picha yanafuata ABI ya 24. Ubuntu 22.04 imekuja na Xorg 21.1, na ABI yake ni 25. Moduli iliyotengenezwa kwa ajili ya ile ya zamani haikubaliwi na hii mpya. Lakini kwa nini moduli haikupandishwa pamoja na vingine?

Nimeuliza mfumo faili la moduli limetoka kifurushi gani: `dpkg -S /usr/lib/xorg/modules/libxorgxrdp.so`. Jibu: hakuna kifurushi chenye faili hilo. Hapo yote yakanirudia. Tulipojenga seva hii, xorgxrdp, yaani moduli zinazounganisha xrdp na Xorg, hatukuichukua kwenye hazina ya Ubuntu. Tuliijenga wenyewe kutoka kwenye msimbo, tukafanya `make install`, tukasahau. Mfumo unapandisha vifurushi unavyovijua. Hili ulikuwa haulijui, ukaliacha pale pale.

Mafaili ni manne: libxorgxrdp.so, xrdpdev_drv.so, na mawili ya kibodi na kipanya. Nimeyahamishia pembeni, nikaandika `apt install xorgxrdp`, nikawasha xrdp upya. Akaunti yangu imeingia!

Nilipomaliza nikajaribu na akaunti ya mchoraji3, kwa sababu mipangilio yake ya QGIS ilionekana imevurugika. Nimefuta mafaili yake yaliyofichwa nikayarudisha kutoka kwenye diski ya nje. Saa mbili usiku nimepanda daladala nikiwa na furaha.

Jumatatu, 10 Februari

Saa mbili na nusu watu wamefika. Saa tatu kasoro kila mtu ananiita.

Wa kwanza ni mzee wetu, ndiye anayesimamia vipimo vya uwandani. Nimemwamkia, ameitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye monita. "Fundi, mimi neno la siri nimeandika sawasawa. Imeingia, halafu giza." Kweli: skrini nyeusi tii, mshale wa kipanya unatembea juu yake, hakuna kingine. Dada anayechora mitaro ya Mto Ng'ombe naye giza. Wanne wengine wameingia, lakini desktopu siyo yao: mwambaa mweusi juu, aikoni kubwa pembeni, kila dirisha likifunguka linajikokota. "Kaka, umenibadilishia kompyuta?" Na mchoraji3 anaandika neno la siri, skrini inawaka nusu sekunde, anarudishwa kwenye kisanduku cha kuingia. Anarudia, anarudishwa.

Kosa langu la asubuhi ni kudhani hili ni tatizo moja. Nimekaa saa mbili natafuta sababu moja ya kueleza yote. Baada ya chai nimechukua karatasi nikaandika majina kwenye mstari, na mbele ya kila jina nini hasa anachokiona. Makundi matatu yakajitenga yenyewe: waliopata desktopu ngeni, waliopata giza, na anayerudishwa.

Nimeanza na desktopu ngeni, maana ndio wengi. Ile ni GNOME, desktopu ya aina nyingine. Sisi tunatumia Xfce. Nimefungua /etc/xrdp/startwm.sh na pembeni yake nikakuta lile la zamani. Mfumo haukulitupa, umelipa jina startwm.sh.dpkg-old. Nimeyaweka mawili sambamba. Letu lilikuwa na mstari mmoja mwishoni: `startxfce4`. Lao linamkabidhi mtumiaji kwa Xsession, hati ya mfumo ya kuanzisha kikao, na Xsession ikikuta hana chaguo lake inamwashia desktopu ya msingi ya seva, GNOME. Seva yetu haina kadi ya picha, kwa hiyo urembo wote wa GNOME unachorwa na prosesa. Watu wanne wakichorewa hivyo kwa pamoja, lazima ijikokote. Ile Y niliyobonyeza Jumamosi ndiyo iliyoufuta mstari.

Na wale wawili wa giza? `loginctl list-sessions` imenionyesha. Mzee na dada wana vikao viwili kila mmoja: kimoja cha xrdp, kingine kwenye seat0, yaani kwenye monita ya seva yenyewe. Jioni ya Ijumaa walikuwa na mazoea ya kukaa pale kuchapisha ramani kubwa, na leo asubuhi walipoona mashine zao zina matatizo wakaenda kuingia pale, kisha wakarudi kujaribu tena mezani. GNOME haikubali kumfungulia mtumiaji yule yule kikao cha pili cha picha kwa wakati mmoja. Kikao kinaanza, kinakuta vitu vyake vimeshashikwa na kile cha kwanza, kinabaki gizani.

"Dada, naomba utoke kwenye ile ya seva kwanza. Toka kabisa, usifunge skrini tu." Ametoka, ameingia kwa mbali, GNOME imekuja. Siyo tunayoitaka, lakini giza limeondoka.

Mchoraji3 ameazima mashine na akaunti ya mwenzake mpaka kesho. Nimechoka.

Jumanne, 11 Februari

Leo nimefanya jambo moja nikalitengua, na naliandika kwa urefu kwa sababu najua atakayetafuta dawa ya skrini nyeusi ya xrdp atalikuta.

Dawa inayotolewa ni mistari miwili ndani ya startwm.sh: `unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS` na `unset XDG_RUNTIME_DIR`. Kwa maneno mengine, kikao kipya kinaambiwa kisahau kwamba mtumiaji huyu tayari ana basi la mawasiliano ndani ya mfumo, kijianzishie lake. Nimeiweka. Mzee ameingia kwenye seva na ameingia kwa mbali kwa wakati mmoja, hakuna giza. Nikadhani tumemaliza.

Saa sita mchana dada ananiita: Firefox haifunguki. Anaibonyeza, kiduara kinazunguka, kinapotea. Wote waliokuwa kwa mbali wana shida hiyo hiyo. Nimeifungua kutoka kwenye terminali nione inalalamika nini, ikasema kikao hiki siyo cgroup ya snap. Kwenye 22.04 Firefox siyo kifurushi cha kawaida tena, imekuja kama snap, kifurushi kinachofungiwa peke yake, na snap inahitaji lile basi la mtumiaji ili iwekwe mahali pake ndani ya mfumo. Mimi asubuhi nimelikata kwa mikono yangu. Na sisi bila kivinjari hatuwezi kuhakiki nyumba kwenye OpenStreetMap.

Nimeifuta mistari yote miwili. Mwenye Firefox ya kawaida anaweza asione ubaya wake haraka, lakini inaficha tatizo la vikao viwili badala ya kuliondoa.

Nilichofanya badala yake kina sehemu mbili. Kwanza, startwm.sh nimeiacha kama ilivyokuja, bila kuigusa. Chaguo la Xfce nimeliweka kwa mtumiaji: faili dogo `.xsession` lenye neno moja, `startxfce4`, kwenye folda ya nyumbani ya kila mmoja, na nakala kwenye /etc/skel ili akaunti mpya zizaliwe nalo. Kupandisha toleo hakugusi /home, kwa hiyo safari ijayo hakuna atakayeniuliza Y au N juu yake. Pili, monita ya seva nimeifungulia akaunti yake, inaitwa meza. Anayetaka kuchapisha anaingia kama meza, na ramani anazikuta kwenye folda ya pamoja. Hakuna tena mtu mwenye mguu mmoja huku na mwingine kule.

Nilihofia mzee atakataa, maana amezoea jina lake. Ameniuliza swali moja tu: "Ramani zangu nitaziona?" Nimemfungulia folda, akaziona. "Basi sawa, mwanangu."

Saa kumi jioni Xfce imerudi kwa watu sita.

Jumatano, 12 Februari

Mchoraji3. Huyu nimemwachia siku mbili na sikufanya vizuri, ana eneo la Tandale la kumaliza wiki hii.

Nimeingia kwa SSH kwenye akaunti yake, imekubali. Kwa picha, inamtupa nje. Logi ya Xorg yake ni safi: seva ya picha inawaka vizuri, halafu inazimwa kwa sababu hakuna programu iliyoweza kujiunga nayo. Nimeandika `ls -la`, nikapitia mstari kwa mstari kwa kidole kwenye skrini. Mafaili yote yana jina lake, mchoraji3 mchoraji3, mchoraji3 mchoraji3, halafu:

`-rw------- 1 root root .Xauthority`

Faili hilo ndilo lenye ufunguo wa kuingia kwenye skrini yake mwenyewe. Ni la root, msimamizi mkuu wa seva, na mwingine yeyote haruhusiwi hata kulisoma. Desktopu yake ilikuwa inakwenda mlangoni bila ufunguo. Folda ya .config nayo hivyo hivyo.

Huu ni mkono wangu wa Jumapili usiku. Nilifuta mafaili yake, nikayarudisha nikiwa root kwa `cp -r`. Ningetumia `cp -a`, umiliki ungebaki wake. Nimemweleza wazi kwamba siku zake mbili nimezipoteza mimi na nimemwomba radhi.

`chown -R mchoraji3:mchoraji3 /home/mchoraji3`, na ameingia mara moja. Watu saba.

Mchana huu nimemshughulikia na mwenzetu wa Mbagala, ambaye kwa unyonge wake alikuwa amenyamaza akidhani bando lake limekwisha nguvu. Kwake kisanduku cha xrdp hakiji kabisa, kwa hiyo ni kitu kingine tena. Njia yake ni SSH: poti 3390 ya kompyuta yake inapelekwa ndani ya handaki hadi 3389 ya seva. Sijawahi kuiweka 3389 wazi kwenye intaneti na sitaiweka. Poti hiyo inapigwa hodi usiku na mchana na mashine za watu wasiojulikana. Handaki lenyewe ndilo lililogoma. 22.04 ina OpenSSH 8.9, na tangu 8.8 sahihi za RSA zinazotumia SHA-1 hazikubaliwi. Programu yake ya SSH ni ya miaka mingi na haijui kusaini kwa njia nyingine. Kuna namna ya kuilazimisha seva ikubali sahihi za zamani, nimekataa. Nimempigia, tukafanya pamoja kwa simu: amepakua toleo jipya, ametengeneza ufunguo wa ed25519, amenitumia ule wa wazi, nimeuingiza. Mtandao wake ni wa simu, kwa hiyo nimemshushia na rangi kutoka biti 32 hadi 16, na kwenye Xfce nikazima vivuli na uwazi wa madirisha. Anasema sasa akisogeza ramani haisubiri kama zamani.

Alhamisi, 13 Februari

Umeme umekatika saa nne hadi saa nane. Seva imezimika kwa utaratibu, betri imeipa muda.

Ulipowaka, jambo dogo: kila anayeingia anaulizwa neno la siri la msimamizi ili kutengeneza wasifu wa rangi wa skrini. Wengine wamebonyeza kufuta mara tatu ndipo wakapita. Nimeandika kanuni ya polkit, mlinzi wa ruhusa za mfumo, kwenye /etc/polkit-1/localauthority/50-local.d kuwaruhusu watumiaji wa kawaida kwenye colord, huduma ya rangi, peke yake. Imeacha.

Ijumaa, 14 Februari

Saa tatu asubuhi `loginctl` inaonyesha vikao vinane vya mbali na kimoja cha meza. Nimezunguka mezani bila kuitwa. Dada amefungua mstari wa mtaro aliouacha Ijumaa iliyopita nyuma ya nyumba za Tandale, amebofya nukta ya mwisho na kuendelea nao kuelekea mtoni. Viwianishi ni vya UTM kanda 37 kusini, kila kitu mahali pake. Nimesimama nyuma yake kidogo nikiangalia nukta zinavyoongezeka.

Nimefungua daftari jipya, liko /root/mabadiliko.txt, na nimeingiza kila nilichogusa wiki hii pamoja na sababu. Lile la xorgxrdp ya mwaka ule limeandikwa la kwanza, ingawa limekwisha.

Kwa 24.04, ambayo siigusi kabla masika hayajapita: nitaijaribu kwanza kwenye mashine ya dirishani, na akaunti tatu, moja ikiwa imeingia sehemu mbili kwa makusudi. GNOME ya toleo lile ina huduma yake ya kuingia kwa mbali, nayo inataka 3389, kwa hiyo nihakikishe imezimwa kabla xrdp haijawaka. Na ile kanuni ya rangi niliyoandika jana ni ya mtindo wa .pkla, ambao polkit ya huko haiusomi yenyewe. Niiandike upya kwa JavaScript kwenye rules.d.